Shangazi Aliyeomba Ruzuku ya Usingizi

Tarehe 30 Juni, saa ya kufunga ofisi, Shangazi atarudisha ufunguo wa chumba namba nne na kustaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Mimi nimekaa naye meza kwa meza tangu nilipoajiriwa, na kunipa ukurasa mmoja tu wa jarida hili nimweleze mtu kama huyo ni uonevu. Haya, tujaribu.

Si shangazi wa damu wa mtu yeyote hapa ofisini. Jina alipewa na watu wa mapokezi kwa sababu ya salamu zake: kwanza anataka habari za nyumbani, kisha anakukagua kuanzia kola hadi viatu, kisha anauliza kama umekula. Hata mkurugenzi ameshaulizwa kama amekula, tena mbele ya wageni.

Niseme mapema jambo linalotukosesha raha. Shangazi anastaafu ili akamuuguze mama yake, aliyevunjika nyonga na kuhamia kwake mwaka huu. Mchana mpwa wake ndiye anayemshikia zamu, naye anarudi chuoni mwezi ujao. Tulipomwomba Shangazi apokee msaidizi kutoka mradi wetu wenyewe wa kuwapumzisha wanaouguza, alikataa katakata. Alisema nafasi hizo ni za wenye shida, na tena mama hapendi mkono wa mgeni. Anasema hayo nani? Mtu yule yule aliyewasumbua wafadhili miaka yote hii ili wanaouguza ndugu zao wapate kupumzika!

Alianza kazi kama muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani. Alikuwa anaingia kusafisha vidonda vya mgonjwa, anatoka akiwa na wasiwasi zaidi juu ya mke, binti au kaka aliyemfungulia mlango. Mgonjwa ameoga, shuka safi. Anayemuuguza amevaa gauni ndani nje na hajui leo ni siku gani. Shangazi akaanza kupiga kelele vikaoni kwamba hawa nao wanahitaji mtu wa kuwapokea wapumue. Akaambiwa basi aandike ombi la ruzuku. Nadhani walitaka anyamaze.

Ombi la kwanza lilikataliwa, na la pili vilevile. Wafadhili walisema mapumziko hayapimiki, semina ndiyo inayopimika. Basi Shangazi akaandika ombi la semina kuhusu afya ya wanaouguza, na hilo, ajabu, likapita.

Semina hiyo nilikuwepo, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Ukumbi ulikuwa mzuri, viti vya kuegemea, feni zinazunguka taratibu. Shangazi, kwa kuwa hana dogo, alikuwa amepeleka wasaidizi nyumbani kwa kila mshiriki ili pasiwe na mtu mwenye roho juu. Mkufunzi hakufika mbali. Seremala mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa akimuuguza mkewe aliyepooza, akaanza kukoroma. Mkufunzi akakohoa. Aliyekaa jirani na seremala naye akainamisha kichwa. Kabla ya chai ukumbi mzima ulikuwa umelala fofofo, huyu mdomo wazi, yule kaukumbatia mkoba wake.

Nilitamani ardhi inimeze, maana ofisa wa wafadhili alikuwa ameketi nyuma na kalamu mkononi. Nikainuka niwaamshe. Shangazi alinivuta nikae, akamshukuru mkufunzi kwa heshima zote, akazima taa, akafunga mapazia. Kisha akaweka kiti mlangoni akakaa yeye mwenyewe, asipite mtu mwenye viatu vya kelele.

Ofisa aliondoka bila kuaga. Baada ya siku chache tukaarifiwa kwamba mradi umesimamishwa mpaka tueleze kwa nini mafunzo hayakufanyika. Presha zikatupanda. Mmoja wetu, simtaji, alishauri tuseme umeme ulikatika. Shangazi hakumung'unya maneno. Aliwajibu kwamba watu hawa hawakuwa wamepata usingizi wa maana kwa miezi, wamepewa mahali salama, wamelala, na hilo lilikuwa jambo la maana kuliko yote tuliyoahidi kuwafanyia. Akaambatanisha ombi jipya lisilo na semina hata moja: wasaidizi wa kushika zamu majumbani, basi.

Ofisa akarudi, uso ameukunja. Shangazi akampeleka kwa seremala, akamwomba amsaidie kumhudumia mgonjwa huku seremala akienda kunyoa. Walimgeuza, wakambadilisha shuka, wakamlisha uji kijiko kwa kijiko. Seremala aliporudi kidevu kikiwa safi, anapiga mluzi, ofisa alikuwa shati limeloa jasho na hana swali hata moja. Ruzuku ilipita, na mpaka leo haijawahi kukatwa.

Ila wafadhili walikuwa kazi rahisi. Kazi hasa ilikuwa wanaouguza wenyewe, maana wengi humkataa msaidizi. Wanaogopa ionekane wamemchoka mtu wao. Shangazi aliwabembeleza mmoja mmoja. Siku ya kwanza msaidizi anakuja kupiga soga tu, siku ya pili mwenye nyumba anajaribu kutoka hadi uani. Aliwaambia kupumzika si kumtupa mtu wako, na walimwamini. Sasa zamu imemfikia yeye, na hasikii la mtu.

Wiki iliyopita mimi na dereva tulikwenda kwake kumbembeleza kwa mara ya mwisho. Yeye alikuwa jikoni. Mama yake, kitini kando ya dirisha, alituita karibu akatunong'oneza kwa sauti ambayo nadhani majirani waliisikia. Alisema mwanawe anampenda kama mboni ya jicho, lakini jamani, amemchoka. Anafunikwa blanketi jua likiwaka. Redio inazimwa katikati ya taarifa ya habari, ati apumzike. Akijaribu kusimama na mkongojo wake, mtu anapiga yowe. Akauliza kama mradi wetu unapokea maombi ya wagonjwa wanaotaka likizo, wasiwaone wanaowauguza japo siku moja.

Ombi lake tumelipokea, na kikao kimelipitisha kwa kicheko na, sifichi, kwa machozi kidogo.

Shangazi, asante kwa kila mlango uliotugongea. Wapo watu mjini humu wanaolala kwa sababu yako, na wengi wao hata hawakujui. Jumatano ijayo msaidizi atabisha hodi kwako. Usimfukuze, si mgeni wako, ni mgeni wa mama. Wewe vaa viatu utoke. Tunakutakia maisha mema na marefu, nyote wawili, na mama ametuagiza tukwambie usirudi kabla ya jua kuzama.