Dorca Akoth, Aliyepanda Kabla Yetu

Mchungaji wetu, wazee wa Asembo, akina mama mliotoka Nyalenda tangu alfajiri, ndugu na majirani, mimi ni Seline, mke mdogo wa Mzee Enos Obiero, na nimesimama hapa leo Jumamosi tarehe 17 Agosti 1974 kwa sababu Lornah, binti mkubwa wa marehemu, amesema historia ya mama yake isomwe na mtu aliyelima naye, kwa hiyo sauti ikinikatika mtanivumilia.

Marehemu Mama Dorca Akoth alizaliwa tarehe 14 Aprili 1922 huko Uyoma, mtoto wa tatu wa Mzee Ogweno na Mama Jentrix, siku ya mvua kubwa, ndipo akaitwa Akoth. Alisoma shule ya misheni ya huko kwao kuanzia mwaka 1931 hadi 1937, msichana wa pekee wa darasa lake aliyefika mwisho, kisha mwaka 1940 akaenda Maseno kujifunza ukunga, akahitimu Desemba 1942, akiwa mkali kwa uchafu na mpole kwa mgonjwa.

Aliolewa na Mzee Enos, wakati huo karani wa bandari ya Kisumu, Jumamosi tarehe 7 Agosti 1943, na Mungu akawajalia watoto sita, wawili wamelala nyuma ya nyumba hii, walio hai ni Lornah, Tom, Oduor na Risper. Mimi nililetwa mwaka 1956, sijui hata herufi moja, na watu wakangoja tugombane, wakangoja mpaka wakachoka, kwa maana yeye alinikalisha na Biblia yake akanifundisha kusoma, na hata karatasi hii ninaisoma kwa kazi yake.

Kuanzia mwaka 1958 alifanya kazi katika zahanati ndogo ya Nyalenda, mjini Kisumu, akizalisha watoto ambao wengine wao leo wamelibeba jeneza lake, lakini mwaka 1964 aliona kwamba mwanamke akishamaliza kuzaa hakuna anayemuuliza hali yake tena, basi akatenga Alhamisi mchana kwa ajili ya wanawake ambao hedhi inawaaga. Walikuja na joto linalopanda kifuani, na kukosa usingizi, na hasira, na viungo kuuma, na huzuni isiyo na jina, wengine wakiwa wameshaambiwa kwao kwamba wamerogwa, naye alimpa kila mmoja ukurasa wake katika daftari, akamuuliza amezaa mara ngapi, anakula nini, analala na nani nyumba moja, ni nini kinachomliza, na hakuwapa wawili shauri moja, akisema joto la huyu si joto la yule. Mama Rahab Mwihaki, muuza viazi, mwaka 1966 alikuwa ameshafungiwa mizigo arudishwe kwao Nyeri kwa sababu ya kugombana na kuvua sweta na kuivaa mara kumi kwa siku, marehemu akamwita mumewe, Bwana Bildad, akamkalisha kwenye benchi katikati ya wanawake ishirini mpaka akaelewa, na leo wote wawili wako hapa, nawaona pale nyuma, na Bwana Bildad ndiye aliyemshikia sweta.

Kila Alhamisi alimaliza kwa onyo moja, kwamba damu ikishakatika mwaka mzima, halafu ikarudi, hata tone moja, mwanamke asingoje kesho, aende kwa daktari.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na wazee walinishauri niseme aliugua kwa muda mfupi, kisha niendelee, lakini tangu Jumapili nimesikia watu wakinong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nami siwezi kunyamaza, kwa kuwa marehemu hakuficha, aliniambia mimi.

Kwa wageni wetu wasiojua desturi ya hapa, mke mkubwa ndiye hupanda kwanza, naye hapandi mpaka mumewe amelala nyumbani mwake, na akiwa katika damu jambo hilo haliwezekani, na kabla yake mke mdogo hatii mbegu ardhini, wala wana waliooa. Tarehe 3 Machi 1973 Mama Lornah, ndivyo nilivyomwita marehemu, alifika kutoka Kisumu akanikuta nachambua mbegu, akaketi, akaniambia damu imerudi baada ya miaka mitatu, akaniomba wiki mbili tu aende kwa daktari, kwani alijua mimi nikikubali kungoja, Mzee naye atakubali. Nikamwambia, Mama Lornah, mvua haingoji mtu, majirani wameshapanda, watoto watakula nini, na hiyo ni damu tu, itakatika. Akaniangalia, akasema, sawa, mdogo wangu, akabaki hapa nyumbani kungoja ikatike, kwa daktari hakwenda. Damu ilikauka siku ya nane, tarehe 15 akapanda mstari wa kwanza, sote tukamfuata, na mahindi ya mwaka ule yalikuwa mazuri, nami niliyala.

Kwa kuwa ilikauka, alijiambia imepita, kama walivyokuwa wakijiambia wale aliowagombeza, lakini Oktoba ilirudi kwa nguvu, na Novemba daktari wa Kisumu akatuambia, mimi na Lornah, kwamba ni saratani ya mji wa mimba, kwamba Machi pengine wangeutoa tu na mambo yakaisha, na kwamba sasa imesambaa. Alipelekwa Nairobi kwa mionzi kuanzia Januari mwaka huu hadi Aprili, na msimu wote ule shamba letu lilikaa bila mbegu, tukanunua mahindi sokoni, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa kwa njaa. Alifariki Jumapili tarehe 11 Agosti saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisumu na Nairobi, wafanyakazi wenzake wa zahanati, majirani waliotupikia wiki nzima, Bwana Wabwire aliyetoa lori lake, na wanawake wa Alhamisi, ambao nawaomba, pamoja na wake wote wa Asembo, mwenzenu akisema damu imerudi, acheni jembe lianguke pale pale, mshikeni mkono, mwende.

Mama Lornah, uliniomba wiki mbili. Ningeweza kungoja. Ningengoja mwaka mzima, ningengoja mpaka nyasi ziote mlangoni, na nalisema leo mbele ya watu wote wakati halikusaidii kitu. Pumzika kwa amani, mkubwa wangu, na kama huko wanasamehe, unisamehe.