Migomba ya Dirishani kwa Elina

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaenda mbali naomba niwaulize jambo. Mmewahi kumwona mtu wa Rungwe ananunua ndizi sokoni, huku nyumbani kwake mikungu inamchungulia dirishani? Mimi nilimwona. Aliitwa Elina, mama Beatrice, wa Mpuguso. Tumemzika wiki iliyopita, na leo nimeketi nanyi tumkumbuke.

Mimi ni Siham Twalib. Duka la baba yangu liko pale pale sokoni Mpuguso. Mama Elina alikuwa akinunua chumvi kwetu, kisha anavuka kwa akina mama wa ndizi. Anachagua mkungu, anajitwika, anakwenda zake. Akina mama wanabaki wakikonyezana. Nilipomuuliza baba kwa nini, aliniambia nipime sukari, wateja wanangoja.

Lakini mimi swali halinitoki hivi hivi.

Na haikuwa kununua tu. Nyumba yake iko chini, mteremkoni. Juu yake ni migomba. Ng'ambo ya migomba ni barabara. Mtu mwingine angekatiza katikati, akafika. Mama Elina alizunguka hadi kanisani, ndipo ashike barabara. Mvua yetu ya Tukuyu mnaijua, haibishi hodi. Alizunguka nayo, na kapu la majani ya chai mgongoni. Ndani ya migomba ile hakukanyaga. Narudia, wapendwa: hakukanyaga.

Sasa kwetu hapa migomba ya nyumbani ndiyo jiko lenyewe. Mwanamke asiyeingia kwenye migomba iliyo mlangoni pake, watu watamwachaje? Wakaanza na nyoka. Nyoka asipoonekana, wakasema amefukia kitu humo. Dawa. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Migomba ilikuwa ya nani? Hapo ndipo penye kisa. Mzee Amoni, mume wa Elina, alikuwa na mke kabla yake. Mke yule alifariki, akaacha mtoto mmoja, Lugano. Baadaye mzee akamwoa Elina, wakampata Beatrice. Alipougua, aliwaita ndugu akasema: migomba ya juu niliilima na mama yake Lugano, hiyo ni ya Lugano. Nyumba na chai ni vya Elina na Beatrice. Mzee alipofariki, ukoo ulimpendekeza Elina awe msimamizi wa mirathi, na mahakama ya mwanzo ikamteua. Lugano alikuwa bado mdogo. Bibi yake mzaa mama akamchukua, akamlea kijijini kwake, Kinyala. Kwa hiyo Elina alikabidhiwa migomba ya mtoto hadi mtoto akue. Alikuwa msimamizi. Hakuwa mwenye mali.

Lugano akakua, akawa fundi umeme Mbeya. Maneno ya mtaani yakamfuata huko huko: mama yako mdogo amezindika shamba lako. Kijana akaja mbio, akafungua shauri. Aliomba Elina aondolewe usimamizi. Aliuliza mazao ya miaka yote yamekwenda wapi. Kama yameliwa, alitaka afidiwe kwa nyumba na chai. Nyumba ile ile anamolala Elina na Beatrice.

Nilikwenda kusikiliza. Ndiyo, nilifunga duka la baba. Hakimu alimuuliza mama Elina: ndizi zimekwenda wapi? Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akaangalia benchi la nyuma, alikoketi bibi yake Lugano, ajuza kabisa, kisha akaangalia chini. Beatrice alikuwa analia, anamvuta mama yake kitenge. Mwenyewe nikajisemea, basi, ndizi amezila.

Ndipo akasimama mzee Anyitike, mjomba wa Lugano, ndugu wa yule mke wa kwanza. Akaomba aseme.

"Mikungu nilikuwa nakata mimi," alisema. "Na palizi ni mimi. Nilikuwa napeleka Kinyala kwa mama, nasema nimetoa shambani kwangu. Elina ndiye aliniomba niseme hivyo."

Hakimu akataka kujua kwa nini wafiche jambo jema. Mzee akamwangalia mama yake, akamwomba radhi kwa Kinyakyusa, kisha akajibu. Bibi alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake hatakula kitu kilichotoka mkononi kwa mama wa kambo. Aliogopa sumu. Angejua ndizi zimetoka wapi, angezitupa, na mtoto angelala njaa. Elina alinyamaza ili asimwaibishe ajuza wa watu mahakamani. Nyumba yake inakwenda, naye anamwonea haya mtu aliyemwita mchawi!

Lugano akauliza swali moja tu.

"Ile mbalaga ya bibi, mjomba?"

"Ya shambani kwako, mwipwa. Yote."

Ule mchanganyiko wa ndizi aliokulia, wapendwa. Kijana akakaa chini.

Hakimu naye alikuwa na udadisi kama wangu, Mungu ambariki. Akamuuliza mama Elina: haya, ndizi hukula, lakini kwa nini hata kupita hukupita? Safari hii alijibu.

"Mguu ukizoea njia, mheshimiwa, moyo nao unasema njia ni yangu. Mimi nilikuwa na njaa kama watu wengine. Nilijiogopa."

Shauri likaishia hapo. Lugano akakabidhiwa migomba yake, nyumba ikabaki ya Elina. Kijana akamwambia, mama mdogo, kuanzia leo katiza tu. Mama Elina akacheka, akamwambia, "Ndaga, mwanangu," yaani asante. Kesho yake akazunguka kanisani.

Msidhani wote walifurahia uadilifu huo. Beatrice ameniambia wazi: "Kuna siku tulikunywa uji mtupu, ndizi zinaiva juu yetu, ndege wanakula. Nilimchukia mama." Simlaumu. Mimi ningekula, tena ningemenya ya pili.

Wiki iliyopita, Lugano alisema mama mdogo azikwe juu, kwenye migomba, pembeni ya mzee Amoni na mama mzazi wa Lugano. Jeneza likatolewa nyumbani. Wabebaji wakafika ukingoni mwa shamba, wakasimama. Njia haikuwapo. Tangu mzee azikwe, hakuna mguu uliotoka nyumba ile kuichonga. Mtu akashauri wazungukie kanisani.

Lugano akakataa. Akachukua panga, akaanza kukata. Mmoja wa migomba ile ulikuwa na mkungu mchanga, na wazee wakaguna, maana hapa kwetu mkungu mchanga haukatwi. Akaukata. Alipofika juu akageuka, uso umelowa, akasema, "Mama mdogo, pita."

Akapita.

Kwako Beatrice, kwako Lugano, kwa mzee Anyitike na ukoo wote wa marehemu Amoni, poleni sana. Nasi tunaosikiliza, tujiulize: mtoto wa nani ana shamba mikononi mwetu, na tumeshachonga njia ngapi ndani yake?

Jana nilipita Mpuguso. Njia ile iko wazi, Lugano amekataza isipandwe kitu. Nikamkuta Beatrice barabarani, ametokea upande wa kanisani, mvua inamnyeshea. Nikamuuliza, mbona hukukatiza?

Akaniambia, "Nitazoea, dada Siham. Si leo."