Amplifaya ya Kinu Iguswe au Iachwe

Benchi letu liko kati ya milango miwili, wa kinyozi na wa fundi redio. Ni ubao mrefu uliotolewa kwenye darasa lililobomolewa, na ukipitisha mkono chini yake utapapasa majina ya wanafunzi yaliyochongwa kwa kisu. Kinyozi tunamwita Hakimu, kwa sababu hakuna ubishi asioutolea hukumu, hata kama mwanzo wake hakuusikia. Fundi redio ni Risasi, kwa ile risasi anayoyeyusha kuungia waya. Gia Nne aliendesha malori zaidi ya miaka thelathini, na hadi leo akiinuka hushika kiuno kama mtu anayeshuka kwenye kabini. Mimi wananiita Daftari, kwa kuwa kwetu mimi ndiye ninayeulizwa nani alizaliwa lini na nani alizikwa na nani. Jumamosi moja saa kumi alasiri, chupa ya kahawa ikiwa bado imejaa, akaja kaka yangu mkubwa, ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la Kinu kwa ajili ya mashine ya kusaga aliyoisimamia tangu ujana wake mpaka mwaka juzi. Alikuwa amekumbatia amplifaya iliyofungwa kwenye shuka, kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

— Imekufa? akauliza Gia Nne.

— Haijafa, akasema Kaka. Inaficha.

— Inaficha nini?

— Inamficha baba.

Hapo ikabidi nieleze mimi, maana Kaka akianza habari za baba huanzia katikati. Baba alikuwa seremala, si mwanamuziki. Siku moja bendi ya vijana wa mtaani ilikwenda kurekodi kwenye ukumbi wa shule, na mpiga manyanga wao akaamka na homa. Wakampitia baba akiwa na randa mkononi. Akapiga siku hiyo tu, hakurudi tena, na jina lake halimo kwenye jalada la santuri. Lakini karibu na mwisho wa wimbo vyombo vyote vinanyamaza, magita, ngoma, tarumbeta, yanabaki manyanga peke yake kwa muda wa kupanda ngazi kumi na mbili hivi. Sauti ya baba ya kusema hatuna. Picha tunayo moja, na ndani yake amegeuza uso. Kipande kile cha wimbo ndicho tulicho nacho.

— Mwaka jana nilikuwa namsikia, akasema Kaka. Kwa mbali, lakini yupo. Sasa wenzake wakinyamaza, na yeye ananyamaza.

Akafungua shuka. Amplifaya ni ndogo, nyeusi, haina madoido. Risasi ndiye aliyemchagulia, na kila aliyeisikia anashangaa kitu cha bei ile kinatoaje sauti ile. Kutoka mfukoni Kaka akatoa mfuko wa plastiki wenye kapasita nne, vile vipipa vinavyotunza umeme ndani ya mashine, nene kama vidole gumba.

— Hizi nimeelekezwa na mtu anayejua. Risasi, toa za ndani, weka hizi.

Risasi akazigeuza mkononi, akazipuliza, macho yakamng'aa.

— Mzee wangu, hizi ni za ukweli. Unajua, mashine hii ni nzuri, lakini kiwandani nao walibana. Wanaweka chombo kizuri, halafu sehemu tano sita wanaweka vitu vya bei ya chini ili ikufikie kwa bei uliyoiweza. Tukiweka hizi, inafunguka kama dirisha.

— Iache, akasema Gia Nne.

— Wewe unajua nini kuhusu kapasita?

— Sijui kapasita. Najua vitu vilivyotoka kiwandani vikiwa vizima. Kulikuwa na dereva mwenzetu, lori lake linapanda mlima na mzigo kama halina kitu. Akaambiwa abadilishe ekzosi, eti lori lipumue. Akabadilisha. Likapumua.

— Si uzuri huo?

— Likapumua, likaacha kupanda. Kila mlima tunamkuta kakaa chini ya kivuli cha lori lake, anapumua nalo.

Tukacheka. Hakimu akatoka mlangoni na kitana kikiwa kimechomekwa nyuma ya sikio, akajimiminia kahawa.

— Nyote mmepotea. Kosa si la amplifaya. Ni umeme.

— Umeme umefanya nini tena?

— Fikirini. Umeme wa mtaa huu unaanza kwa mchomelea vyuma, unapita kwenye karakana ya mbao, halafu unakuja kwangu na mashine zangu mbili, ndipo unaelekea kwa Kinu. Ukifika huko umeshachoka. Sasa sauti nene zina nguvu, zinajikokota mpaka zinafika. Sauti nyembamba zinabaki njiani.

— Kwa hiyo manyanga ya baba yamebaki kwa mchomelea vyuma? nikauliza.

— Sijasema hivyo, Daftari. Nasema asikilize Jumapili, karakana ikiwa imefungwa.

— Nimesikiliza Jumapili, akasema Kaka. Hayupo.

— Spika umeziweka juu ya nini?

— Juu ya kabati.

— La mbao?

— La mbao.

— Basi kabati linakunywa sauti, akasema Hakimu, na hakuonyesha dalili ya kutania. Na ukuta? Shemeji si alipaka rangi ya mafuta mwezi wa nne? Rangi ya mafuta inateleza. Sauti ikigonga pale haikai, inatoka na mlango.

— Sebule yangu ina mlango mmoja, akasema Kaka, na umefungwa.

— Inapita chini yake.

Risasi akasema hajapata kusikia upuuzi wa namna hiyo tangu ajifunze ufundi. Gia Nne akasema kabati kunywa sauti si jambo la ajabu, yeye alipata kuwa na kabini iliyokuwa inakula redio nzima. Wakabishana mpaka chupa ikafika nusu. Kaka alikuwa anamfuata kila anayesema, akigeuka huku na huku, mikono yake mikubwa imetulia juu ya amplifaya.

Na hapo ndipo nilipoona kosa letu. Tulikuwa watu watano, mmoja wetu fundi, na waya wa umeme uko hatua mbili kutoka tulipoketi. Hakuna aliyekuwa amesema tuisikilize.

— Hebu iwashe, nikasema.

— Kweli, akasema Hakimu kama wazo ni lake. Kabla ya hukumu, ushahidi.

Risasi akatoa spika zake mbili nje, akaziweka kwenye viti, akaunganisha, akachomeka flashi aliyokuja nayo Kaka, ile ambayo mwanangu aliiwekea wimbo kutoka kwenye santuri. Wimbo ukaanza. Niseme kweli, mashine ile ni nzuri. Gita la kwanza liliingia utadhani mpigaji ameketi kwenye kiti cha Hakimu. Na manyanga yalikuwapo tangu mwanzo, upande wa kulia, hayakosekani.

Nikamtazama Kaka. Alikuwa anatikisa kichwa kwa ngoma.

Ukafika mwisho. Vyombo vikanyamaza kwa pamoja, manyanga yakabaki peke yake katikati ya mtaa, makavu, wazi, kila punje unaisikia. Kaka akainua kidole.

— Mmeona? akasema. Kimya kitupu.

Manyanga yalikuwa bado yanaendelea alipokuwa anasema hivyo. Yakaendelea mpaka ngoma ikarudi, wimbo ukaisha.

Gia Nne akawa anatazama ndani ya kikombe chake. Risasi alinitazama mimi, na mimi nikawa natazama misumari ya benchi.

— Sasa fungua, akasema Kaka. Bisibisi si hiyo hapo?

— Mzee wangu, akasema Risasi taratibu, mimi naona tusiiguse.

— Si umesema itafunguka kama dirisha?

— Nilisema kabla sijaisikia.

— Na sasa umesikia nini?

Risasi akafuta mikono kwenye aproni yake, ingawa haikuwa na kitu.

— Nimesikia mashine nzima. Haina kosa. Nikiingiza mkono mle nitakuwa nakudanganya.

— Ibadilishe tu, Risasi, akadakia Gia Nne.

— Wewe tena? Wewe si ndiye wa lori?

— Lori ni lori. Mtu kahangaika kutafuta vifaa vyake, mwekee. Kuna ubaya gani? Huenda... mtu hajui. Huenda.

Hakimu akavuta kigoda chake karibu.

— Kinu, ndugu yangu, mimi nimepata sababu. Ni ile flashi. Flashi inalika. Kila ukiucheza wimbo unapungua kidogo, kama sabuni. Na zinazoanza kuisha ni zile sauti ndogondogo.

Siku nyingine neno hilo lingemfukuza barazani kwake mwenyewe. Tungelitia chumvi tukalirudia mwaka mzima. Lakini hakuna aliyecheka.

— Inawezekana, akasema Gia Nne.

— Flashi sijui, akasema Risasi. Siwezi kusema haiwezekani.

Kaka akanigeukia.

— Daftari, santuri yenyewe iko kwako. Kwenye santuri yumo?

Nilikuwa na majibu mawili, la kweli na la kumwezesha kulala kwa amani. Nikatoa la tatu.

— Santuri imechakaa, Kaka.

Ilikuwa kweli, na haikuwa jibu. Nilipolisema niliona aibu kama mtu aliyepunja kwenye mizani.

Kaka akafikiri. Halafu akamkabidhi Risasi zile kapasita moja moja.

— Weka. Lakini kwanza icheze mara moja zaidi, ili baadaye tulinganishe.

Risasi akaziweka juu ya spika. Bisibisi akaishika, akaiweka chini, akaishika tena. Akaurudisha wimbo mwanzo.

Katikati ya wimbo akaja mwanamke mmoja ambaye hatujawahi kumwona, mama wa makamo aliyevaa sare ya wauguzi, mkononi ana pasi ya umeme iliyofungwa waya wake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu, akasema Risasi. Subiri kidogo tu.

— Nasubiri. Haina haraka, imegoma kupata moto.

Akasimama pembeni. Mguu wake ukaanza kwenda na ngoma. Vyombo viliponyamaza aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeitwa.

— Nani huyu anayepiga manyanga? akauliza.

Watu wanne tulikuwa na jibu. Lilikuwa jina moja tu, jina la mtu wa mtaa huuhuu. Hakuna aliyelitoa. Hakimu akatazama dukani kwake kana kwamba kuna mteja. Gia Nne akashika kiuno bila kuinuka.

Kaka ndiye aliyesema.

— Unayasikia?

— Si haya? akasema yule mama, akionyesha spika kwa pasi. Yako peke yake hapa.

Ngoma ikarudi. Kaka akazitazama spika mpaka wimbo ukaisha. Kisha akatutazama sisi, akaanzia kwa Gia Nne, akapita kwa Hakimu na Risasi, akaishia kwangu, na kwangu akakawia.

— Kinu, akaanza Hakimu, unajua kelele za mashine ya kusaga, miaka yote ile—

Kaka akainua mkono kumkatiza.

— Risasi, iache kama ilivyo.

— Sijaigusa, mzee wangu.

— Najua.

Akazikusanya kapasita zake, akazirudisha kwenye mfuko, akaufunga fundo kwa utaratibu. Nilidhani atachukua shuka aondoke. Badala yake alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja.

— Keti, mama. Huyo ni baba yetu, mimi na huyu. Alikuwa seremala.

— Oo. Anapiga vizuri.

— Vizuri vipi?

Yule mama akacheka kidogo, akidhani anataniwa. Akatutazama kuomba msaada. Hatukuwa nao. Tulikuwa tumezungumzia kapasita, umeme, kabati, rangi na flashi, na mimi binafsi ninaweza kukutajia tarehe ya siku ile, ukumbi, na shati alilovaa. Lakini kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza mwenzake kwetu baba alikuwa anapigaje, mimi sikumbuki.

— Icheze tena, akasema Kaka.

Risasi akaicheza. Yule mama akaweka pasi yake chini kati ya miguu, akasikiliza tangu gita la kwanza. Wimbo ulipofika pale pa kunyamaza, akafumba macho, na Kaka akaachana na spika, akamgeukia yeye uso kwa uso, viwiko juu ya magoti.

— Hapigi kwa nguvu, akasema yule mama polepole. Ni kama... kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo na hataki hata punje moja idondoke. Halafu anachelewa. Si kuchelewa kwa kukosea. Anachelewa kidogo tu, kama mtu aliyesimama mlangoni anangoja wenzake waingie kwanza.

Risasi alikuwa ameshika kitufe cha sauti, hakukizungusha.

— Endelea, akasema Kaka.