Mwalimu Célestin Kalonda, Mfupi Aliyewahi kwa Teke

Wapendwa mliokuja kutufariji, mimi Aimée, mdogo wa marehemu, nawasomea kwa niaba ya familia maisha ya kaka yetu Célestin Kalonda, aliyezaliwa Wamaza, teritware, yaani wilaya, ya Kabambare, tarehe 14 Machi 1974, mfupi, mnene wa mapaja, na mwenye kucheka kuliko sisi wote.

Alisoma shule ya msingi Wamaza, akaja Kasongo kwa sekondari mwaka 1988, na hapo karate ikamwingia moyoni, lakini klabu ya wakati ule ilipima miguu ya vijana kwa fimbo mlangoni, kwa kuamini kwamba mguu mrefu ndio wenye teke la mbio, na Célestin akarudishwa nyumbani akilia.

Likizo zote aliketi uani na mama, miguu ameitanua kama wamama wetu wanavyoketi, ungo wa karanga katikati, wakimenya, majirani wakimcheka kwamba sasa amekuwa binti wa kuposwa, naye akizidi kuinama mbele, mpaka kifua kikagusa ungo na nyonga zikafunguka.

Mwaka 1995 aliiomba klabu ile pambano moja tu, akishindwa asikanyage tena mlango ule, wakamletea Atumani kutoka Kabambare, mrefu, mwembamba, aliyetegemea urefu na kudharau kujinyoosha, na Atumani alipoinua goti misuli yake mikavu ilimvuta nyuma, kumbe teke la Célestin limekwisha kumfika shavuni. Fimbo ile ya kupimia miguu ikaishia jikoni kuwa kuni, na wale wawili wakawa ndugu.

Tangu 1996 alifundisha shule na kuongoza klabu ile ya karate hapa Kasongo, akisema urefu hufikisha mguu mbali, paja nene huupa uzito, bali nyonga iliyolegea ndiyo huuwahisha. Alifunga ndoa na shemeji yetu Safi tarehe 7 Agosti 1999, wakajaliwa watoto wanne, na kitinda mimba wao, Esther-Divine, akarithi umbo lote la baba.

Tansio, yaani shinikizo la damu, ilimshika mwaka 2024, hospitalini akawa akiwasahihisha wauguzi namna ya kumkunja mguu, na jioni ya tarehe 8 Juni 2025 akamtaka Esther-Divine apige teke kando ya kitanda, akasema, “Goti iko inachelewa, lakini nyonga iko muzuri, klabu ni yako,” na asubuhi akafariki. Binti huyo, aliyekataa siku zote kuongoza kwa aibu ya umbo lake, jana alisimama mbele ya wanafunzi kuwaongoza, nasi tukalia na kucheka pamoja.

Tunawashukuru madaktari waliompigania, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na Atumani aliyekuja kwa pikipiki kwa barabara ile tunayoijua wote. Kaka Célestin, wewe uliyezoea kuwahi, hata huko umetutangulia. Pumzika kwa amani.