Nyapara Aliyesimamisha Mashine

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Mzee Wekoye wa Kimilili ametutoka. Ndiye Wekoye nyapara, yule wa mashine ya kupukuchua mahindi kule Kitale.

Mwaka wa 1949 Wekoye alikuwa nyapara kwenye shamba la mzungu mmoja. Aliyemtangulia alitembea na kiboko. Ukisimamisha mashine, unachapwa. Watu walifanya kazi roho mkononi, na mahindi yakamwagika ovyo. Wekoye alikuja mikono mitupu. Akawaambia, "Ukisikia kitu mbaya ndani ya hii mashine, piga kelele. Mimi nitasimamisha. Bwana atagombana na mimi, si wewe."

Basi magunia yakaongezeka! Mtu asiyemwogopa nyapara wake huiona kazi yake vizuri.

Siku moja Mukhisa, aliyekuwa akitia mahindi mashineni, alipiga kelele. Alisikia chuma kinalia. Wekoye akasimamisha. Wakafungua, wakatafuta, hawakuona kitu. Bwana akaja amefura kwa hasira. Akasema mashine ikisimama tena bure, nyapara atahama shambani na familia yake na ng'ombe wake.

Mjane wa Wekoye, Mama Nekesa, anaikumbuka jioni ile. "Alirudi akaniambia maneno ya bwana. Nikamwambia, baba, usisimamishe tena. Tutaenda wapi na hawa watoto?"

Kesho yake Mukhisa akausikia tena ule mlio. Safari hii alimhurumia nyapara wake, akanyamaza. Lakini Wekoye alimwona uso umebadilika. Akasimamisha mashine mwenyewe, bila kuitwa na mtu. Wakafungua. Hawakuona kitu.

Kabla jua halijatua, Wekoye alikuwa njiani kwenda Kimilili, na mkewe, na watoto, na ng'ombe.

Akaja nyapara mwingine, na kiboko kikarudi shambani. Mzee Mukhisa anasimulia kwa sauti ya chini, na mimi niliyemsikiliza niliogopa: "Ile chuma iliendelea kulia. Si mimi peke yangu, bana. Sisi wote tulisikia. Sasa nani angesema, na angemwambia nani? Halafu ikakatika. Ikachukua mkono ya mwenzetu Wabwile, na sisi tunaangalia tu."

Mama Nekesa, watoto, na jamaa wote wa Kimilili, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nawe msikilizaji unayesimamia watu, iwe shambani, dukani au ofisini, kesho ukifika watazame usoni. Kuna jambo wanalijua, na wanaogopa kukuambia.