Mama Hodi, Aliyetuajiri Bila Kuona Viatu Vyetu

Leo Ijumaa, tarehe 30, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Meneja wetu wa Utumishi anavua hedifoni zake na kustaafu rasmi. Kwenye mkataba ana jina refu la kuvutia, lakini likitajwa hapa nusu ya wafanyakazi watauliza ni nani huyo. Sisi tunamjua kwa jina la Mama Hodi, na mwenyewe huliitikia haraka kuliko lile la kwenye mkataba.

Kamati ya sherehe imemkabidhi mwandishi wa mistari hii kazi ya kumwandikia wasifu, naye ameipokea kwa furaha isiyofichika. Ni mpokea simu wa kawaida, na hajawahi kukutana na Mama Hodi ana kwa ana hata siku moja. Wengi wetu hatujawahi. Tunajuana kwenye video, kuanzia kifuani kwenda juu, basi, na leo kwa mara ya kwanza tutajua nani mrefu, nani mfupi na nani alikuwa akihudhuria vikao vyote kwa kaptura. Nguo ya sherehe ya mwandishi imepigwa pasi tangu Jumatatu na usingizi umekuwa wa shida.

Kwa mgeni aliyealikwa leo na asiyetujua, kazi yetu ni kupokea simu za wenzetu. Kampuni ya mabasi, hospitali, duka la samani, wote hutuachia namba zao. Mteja akipiga kuuliza basi linaondoka saa ngapi au kabati lake limefika wapi, anayemjibu ni mmoja wetu. Zamani tulimjibu kutoka chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya magari. Siku hizi tunamjibu kutoka majumbani mwetu, katika miji ambayo mingine Mkurugenzi hajawahi kuikanyaga.

Mama Hodi alianza kama mpokea simu katika chumba hicho cha juu ya duka. Kilikuwa na dirisha lisilofunga vizuri na meza zilizobanana, na kwa kuwa kila kelele ilimfikia mteja masikioni, yeye aliyekaa karibu na mlango aliweka sheria yake: haingii mtu bila hodi, na baada ya hodi anasubiri aambiwe karibu. Mkurugenzi mwenyewe, ambaye ndiye mwenye kampuni, aliwahi kujitoma ndani na wageni wa heshima. Alirudishwa nje yeye na wageni wake, wakaanza upya, wakakaribishwa kwa tabasamu. Jina la Mama Hodi lilizaliwa siku hiyo na halijapumzika mpaka leo.

Alipopandishwa cheo akawa mwajiri wetu, na namna yake ya kuajiri ilikuwa ya peke yake. Waombaji walikaa kwenye benchi la koridoni, vyeti vyao ndani ya bahasha, pembeni yao simu ya mezani. Baada ya muda simu hiyo ililia. Wengi walitazamana, wengine wakaanza kusoma matangazo ya ukutani ambayo walikuwa wameshayasoma. Akitokea mmoja akainuka, akapokea na kusema yeye ni mgeni ila anaweza kuchukua ujumbe, Mama Hodi, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta na simu yake mkononi, alikuwa ameshapata mtu. Usaili uliofuata ulikuwa wa kutimiza wajibu tu. Kingine alichokitazama ni viatu. Hakujali bei. Alitaka kuona kama vimefutwa vumbi mlangoni, kwa sababu, kwa maneno yake, mtu anayefuta viatu amejali anakoingia.

Basi fikiria hali ilivyokuwa jengo lilipouzwa, na Mkurugenzi akatangaza kwamba sasa kila mtu atafanyia kazi nyumbani kwake na wapya wataajiriwa kwa video. Mama Hodi alisimama kikaoni, uso ameukunja. "Nitamwajirije mtu ambaye sijaona viatu vyake?" Alikwenda nyumbani amenuna, akanunua bando, akaanza kujifunza.

Usaili wake wa kwanza wa video umekuwa hadithi ya kuvunja mbavu. Aliiweka kompyuta kwenye meza ya chakula, kioo kimelala kwa nyuma, na muda wote mwombaji aliona dari na feni ikizunguka. Mwombaji huyo, muuza mbao wa zamani, alidhani ndio utaratibu wa kampuni. Aliiamkia feni shikamoo, akaijibu maswali yote akiitazama usoni, na mwisho akaishukuru kwa muda wake. Mama Hodi alimwona vizuri kabisa na akapendezwa na adabu yake. Leo ndiye msimamizi wa zamu ya mchana, na hakuna anayemwita kwa jina lingine ila Shemeji Feni.

Mume wa Mama Hodi naye anastahili kutajwa. Ni fundi wa majokofu, mtu wa kazi, na mazoea yake ya kukatiza sebuleni na fulana ya ndani, mota ya jokofu begani, hayakukoma kwa sababu ya usaili wa mtu. Waombaji kadhaa walimwamkia. Mmoja alimweleza uzoefu wake wote akidhani ni mjumbe wa bodi. Hatimaye alielekezwa mlango wa nyuma, na tunamshukuru kwa uvumilivu.

Lakini benchi lilimkaa rohoni Mama Hodi, na ndipo alipokuja na jambo ambalo makampuni mengine yamekuwa yakituulizia. Aligundua kwamba waombaji wa video huwekwa kwanza kwenye chumba cha kusubiri, wanaonana wao kwa wao kabla msaili hajaingia. Akasema, hili hapa benchi langu! Akamwomba mhasibu wetu, mtu mpole asiyependa makuu, ajifanye mwombaji ambaye maikrofoni yake imegoma. Mhasibu alipunga mikono, alionyesha masikio, alifungua na kufunga mdomo. Waombaji wengine walimcheka, wengine walimfanya kama hayupo. Wachache walimwelekeza hatua kwa hatua, wakimwandikia na kumwonyesha kwa vidole pa kubonyeza. Hao ndio walioitwa kazini.

Mbinu ilikwenda vizuri mpaka siku jino la mhasibu lilipomuuma, akashindwa kuingia, na taarifa yake ikachelewa. Siku hiyo chumbani aliingia mwombaji ambaye maikrofoni yake ilikuwa imegoma kwelikweli, simu yake ya zamani ikitoa picha ya mabakamabaka. Dada mmoja mshonaji alihangaika kumsaidia mpaka jasho likamtoka. Mama Hodi akaingia, akatazama yale mabaka, akaangua kicheko mbele ya wote. "Mhasibu, leo umezidisha! Hilo wigi umelitoa wapi? Haya, toka, rudi kwenye hesabu zako." Na akamtoa.

Mwombaji yule alikuwa mwandishi wa mistari hii, na nywele zilikuwa zake.

Ilikuwa siku mbaya, tuseme ukweli. Miguu ya mama yake mwandishi ilikuwa imeishiwa nguvu baada ya ugonjwa, na mwandishi alikuwa ameacha kazi katika mji wa mbali akarudi nyumbani kumuuguza. Kazi ya kutoka asubuhi na kurudi jioni haikuwezekana tena. Hii ya sebuleni ndiyo pekee iliyobaki, na sasa alikuwa ametimuliwa hata hapo kwa kosa la kuwa mhasibu. Mchana simu ikalia, simu ya kawaida isiyo na picha. Alikuwa Mama Hodi, akiomba radhi bila kuvuta pumzi. Usaili ukafanyika papo hapo kwa sauti tu, huku mama akidai maji ya kunywa kutoka chumbani, na Mama Hodi akasema mpelekee kwanza, mimi nasubiri. Kazi ikapatikana. Mshonaji naye aliajiriwa siku hiyohiyo.

Kila asubuhi tangu hapo, kabla simu hazijafunguliwa, sote huwasha maikrofoni na kupiga hodi, mmoja mmoja. Mama Hodi humjibu kila mtu: karibu mwanangu, karibu kaka, karibu dada, mbona sauti leo imelala? Mgeni anaweza kuona ni mchezo wa watoto. Sisi tunajua ni uzi unaotushona.

Kisha likaja Jicho. Hilo ni jina tulilolipa sisi. Ni programu aliyoinunua Mkurugenzi ili ajue nani anafanya kazi. Vidole vikicheza kwenye kompyuta, jina lako ni la kijani. Vidole vikitulia, jina linakuwa jekundu. Wekundu wa mara tatu ndani ya mwezi, mkataba unavunjwa. Mwandishi alikuwa na tabia ya kuwasikiliza wateja, hasa wale wanaopigia hospitali wakiwa na hofu, na mtu anayesikiliza hachapi. Kabla mwezi haujafika nusu alikuwa mwekundu mara mbili, roho juu, akichapa herufi zisizo na maana ili tu Jicho limwonee huruma.

Mara ya tatu ilikuwa siku mama alipoanguka bafuni. Mwandishi aliacha kila kitu akakimbia, na jina lake likawa jekundu, likabaki jekundu. Kazi ya Mama Hodi wakati huo ilikuwa kuandika barua ya kuvunja mkataba. Hakuiandika. Alipiga simu, na ilipopokelewa hakuuliza uko wapi wala kwa nini. Alisema, "Hodi, mwanangu." Akasikia kilio, akasikia kwamba mama hawezi kuinuliwa na mtu mmoja.

Waajiri wengi wanajua anwani za watu wao kwa ajili ya kutuma barua. Mama Hodi alizijua kichwani kama mtu anavyojua nyumba za ndugu zake. Alimpigia mshonaji, ambaye aliishi mitaa miwili tu kutoka hapo. Yeye na mwandishi walikuwa wakipigiana hodi kila asubuhi kupitia kompyuta, na pengine wakipishana sokoni, bila kujua! Mshonaji alifika mbio, mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni, na dereva wa teksi nyuma yake. Watatu walimbeba mama hadi hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika. Wangechelewa, daktari alisema, mambo yangekuwa mengine.

Kesho yake Mkurugenzi alisema anasikitika, lakini sheria ni sheria. Mama Hodi hakubishana naye. Alimwomba kitu kimoja tu: akae chini ya Jicho siku moja, afanye kazi zake kama kawaida, na sote tuone jina lake. Mkurugenzi, mtu jasiri, akakubali. Alisoma mikataba, akapokea wageni, akafikiri akitazama dirishani. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa mwekundu kama nyanya. Tulijitahidi kutocheka, tukashindwa. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka. (Aya hii ameipitia mwenyewe, akaguna, akairuhusu.)

Mkataba wa mwandishi haukuvunjwa. Jicho halikutupwa pia, maana Mama Hodi hakuwa adui wa mashine. Alisema jicho si baya, ubaya ni jicho lisilo na mdomo. Tangu siku hiyo, jina la mtu likiwa jekundu kwa muda mrefu, mwenzake humpigia na kusema hodi. Mara nyingi mtu yuko kwenye simu ndefu, au anakunywa chai. Mara chache yuko kwenye shida. Utaratibu huo sasa umeandikwa kwenye kanuni zetu, na wateja wanaotuchagua siku hizi ni wengi kuliko tunavyoweza kuwapokea. Mwaka huu peke yake tumeajiri watu katika miji minne mipya, na kila mmoja wao amepita kwenye chumba cha kusubiri na kumsaidia mhasibu, ambaye kwa heshima ya historia siku hizi huvaa wigi.

Mama Hodi, kamati imeagiza wasifu uishe kwa shukrani, na shukrani tunazo mpaka zinamwagika. Ulituajiri bila kutuona, ukatusikia kuliko waliokuwa wakitutazama. Mwandishi anakushukuru kwa niaba ya wote, na kwa niaba yake mwenyewe zaidi. Afya njema iwe nawe, bustani yako istawi, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na mzee nyumbani apate ruhusa ya kupita sebuleni na mota yake. Ishi vizuri, ishi sana.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Ukimaliza kusoma haya kwenye simu yako na kufika ukumbini, utakuta mlango umefungwa. Usishtuke, usimtafute mlinzi. Kwa miaka thelathini na moja sisi ndio tumebisha na wewe ukatukaribisha, kwa hiyo leo tumebadilishana. Shemeji Feni yuko ndani, mshonaji yuko ndani, mhasibu na wigi lake. Kwenye kiti cha mbele kabisa amekaa mama yake mwandishi, ambaye amepanda ngazi za ukumbi kwa miguu yake mwenyewe na amekataa kushikwa mkono.

Piga hodi, Mama. Viatu tumevifuta, uje uvione.