Chupa ya Kifuniko Chekundu

Mama aliyeketi mbele yangu basini alikuwa ameacha gari lake gereji, libadilishwe oili ya giaboksi. "Fundi anataka kuisukuma yote itoke kwa mashine. Eti kumwaga kidogo kidogo ni kujidanganya."

Bwana wa pembeni yake akaguna. "Gari kuukuu halitaki mashine, dada yangu. Mwaga, jaza, tembea, halafu rudia."

Basini kila mtu ni fundi, nikajisemea.

"Mbona kanionyesha oili yenyewe ya gari langu kwenye chupa, nyeusi kama lami?"

"Chupa yenye kifuniko chekundu?"

"Umejuaje?"

"Hata mimi alinionyesha hiyohiyo mwezi uliopita. Uvunguni mwa gari langu alikuwa bado hajaingia."

Basi likasimama. Hakikuwa kituo chake, lakini yule mama alishuka, akavua viatu, akarudi mbio tulikotoka.